Sura ya Saba: Khiyari ni ya Muuzaji

Jaribu alisukuma donge la udongo kati ya fito mbili, akaliwekea kiganja, akangoja. Kutoka ndani, donge jengine lilisukumwa likaja kukutana na lake. Udongo ukakaza. Akalainisha juu, akainama kuchota mwengine.

Kukandika ndivyo kulivyo. Mtu akikandika peke yake, udongo humwagika upande wa pili kama uji uliozidi maji. Lazima awepo wa nje na awepo wa ndani, na kila mmoja asikilize mkono wa mwenziwe bila kuuona. Jana mtaa mzima wa Mkoani ulikuja kusaidia, wanaume nje, wanawake ndani, na vyumba vitatu vya mbele vilikamilika kwa vicheko na nyimbo. Leo ulibaki ukuta wa chumba cha nyuma. Ilipoadhiniwa alasiri wanawake walikwenda kwenye vyungu vyao na wanaume kwenye shughuli zao. Nje akabaki Jaribu, mwenye nyumba. Ndani akabaki Khairiya. Na kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mahali pa kuwaona wote wawili, alikaa Bi Mwatum, mama mdogo wake Khairiya na mwenye kisima kilichotoa maji ya udongo wote ule. Alikuwa na kisahani chake cha tambuu, na kando yake alimfunga mbuzi wake, asije akala makuti ya paa jipya.

Tangu asubuhi Khairiya alikuwa hajasema neno ila "lete" na "basi". Jaribu alijua ana jawabu. Siku tatu zilikuwa zimepita tangu wazee wake walipokwenda kwa Mzee Nyange, ami yake Khairiya, kupeleka posa. Hakutaka kuuliza. Alikuwa mtu wa kungoja kitu kikauke kabla ya kukigusa.

"Bwana Jaribu," sauti ikatoka ndani mwishowe.

"Labeka."

"Posa yako imefika."

"Alhamdulillahi. Na jawabu?"

Donge likasukumwa kutoka ndani kwa nguvu kuliko lilivyohitaji. Kipande kikamrukia Jaribu kifuani.

"Ami kasema weye huposi mke. Unaposa shamba."

Jaribu alijipangusa kifua. Akafikiri. Hakuwa mwepesi wa kukasirika, na neno lenyewe halikuwa na maana kwake.

"Shamba gani?"

"Una mashamba mangapi?"

"Nina moja. Lile la Pujini alilonachia baba. Na hilo sasa silo langu mpaka nilikomboe, liko kwa ami yako." Akacheka kidogo. "Nikitaka kuposa shamba, basi si ningemposa yeye?"

"Na ndevu zake zile!" Bi Mwatum akadakia kizingitini, akatema mate mekundu mchangani. "Lo! Ungepata bwana weye."

Khairiya hakucheka. Mkono wake wa ndani ulikuwa umesimama. Jaribu aliliona donge lake limening'inia peke yake kwenye fito, halina wa kulipokea, akaliwahi lisianguke.

"Liko kwa nani?" Khairiya akauliza. Sauti yake sasa ilikuwa nyengine.

"Kwa Mzee Nyange. Si ndiye aliyelinunua? Si yeye nnayempelekea ijara ya karafuu kila msimu?"

"Jaribu." Alikuwa hajawahi kumwita jina tupu. "Siku ile ya kuuza shamba, Chake, kwa kadhi, karani alisoma nini? Nambie kama ulivyosikia."

Jaribu aliweka kiganja ukutani. Siku ile aliikumbuka vizuri, maana hakulala usiku wa kuamkia.

Watu wa kisiwa wanajua, lakini vijana huenda wamesahau, kwamba Mwislamu aliyehitaji fedha hakwenda kuchukua mkopo wenye riba. Aliuza shamba lake bei khiyari. Shamba linahesabiwa limeuzwa kweli, fedha anapewa, na yeye anabaki humo humo akilipalilia na kuchuma, akimlipa mnunuzi ijara kama mpangaji. Ndani ya muda waliokubaliana ana khiyari: akirudisha fedha, shamba linarudi. Muda ukipita, khiyari imekufa na shamba limekwenda. Jaribu aliuza la Pujini hivyo ili apate fedha za kiwanja na nguzo za nyumba hii ya kupangisha. Muda wake ulikuwa unakwisha Mfunguo Tatu, mwezi wa kuchinja. Sasa ulikuwa umeandama Rajabu, miezi mitano kabla yake.

"Karani ni yule mzee asiye na meno," akasema. "Akasoma: Jaribu wa Mabruki ameuza shamba lake la Pujini, na mipaka yake, na mikarafuu yake, bei khiyari, kwa bei khiyari, na wakili wake Nyange."

"Kwa nini, umesema?"

"Kwa bei khiyari. Alilisema mara mbili. Nikafikiri moyoni, haya mambo ya sheria hurudiwa, kama talaka. Nikasema nimeridhika."

Kutoka ndani Jaribu akasikia kitu ambacho hakukijua kama ni kicheko au kilio, na hata Khairiya mwenyewe pengine hakujua.

"Mama mdogo, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Bi Mwatum, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaacha kutafuna. "Huyu mtoto hajui. Ya Rabbi! Mwaka na nusu, hajui."

"Sijui nini?"

"Bei khiyari," Khairiya akasema polepole, kama anayemsomesha mtoto, "kwa Bi Khairiya."

Jaribu alilitamka lile neno mdomoni bila sauti, mara moja, mara ya pili. Likampanda usoni kama moshi wa kuni mbichi.

"Weye?"

"Mie. Ami ni wakili wangu tu. Mali ni yangu, ya urithi wa marehemu mume wangu. Bangili zangu zilikuwa zimelala sandukuni, na bangili hazizai. Siku uliyokuja barazani kwa ami, mie nilikuwa nyuma ya pazia nikichambua mchele. Ulisema matajiri wa madukani wamekukatalia, kwa kuwa nyumba haijajengwa na hawakopeshi juu ya hewa. Ukasema abiria wa meli wanalala kwenye mabaraza ya watu na mizigo yao wameikumbatia, na maofisa wanaohamishwa huku hawana pa kupanga. Ukasema utajenga vyumba, kila kimoja na mlango wake. Ulisema taratibu. Hukuapa hata mara moja. Mchele wote nikauchanganya na chuya zake. Ami alipoingia ndani nikamwambia, mpe. Akaniambia, mwenye kuapa haaminiki, na asiyeapa vile vile. Nikamwambia mpe, ni mali yangu."

Jaribu alikaa juu ya jiwe, mikono ya udongo magotini. Mambo yake yote ya mwaka na nusu yalikuwa yanamrudia moja moja, na kila lililorudi lilikuwa limevaa nguo nyengine. Salamu zake za kila Ijumaa. Papai alilompelekea Khairiya. Msimu uliopita karafuu ziliposhuka bei, alikwenda kwa Mzee Nyange kuomba asubiriwe ijara, na kesho yake asubuhi, kwa kuwa alipita penye asumini zilizochanua, akachuma, akamtuma mtoto wa jirani ampelekee Khairiya.

"Asumini zile," akasema.

"Ndiyo."

"Ulidhani..."

"Ungedhani nini weye? Jana mtu kaomba kusubiriwa deni, leo kaleta maua kwa anayemdai. Nilikaa nazo mkononi mpaka zikanyauka. Nilizitaka, Wallahi nilizitaka. Halafu nikampa mbuzi."

"Akanukia wiki nzima," alisema Bi Mwatum. "Maziwa yake hayakunyweka."

Jaribu akacheka, na cheko likakatika njiani. Akainuka, akachota donge, akalisukuma mahali pake. Baada ya kitambo kidogo donge la ndani likaja kulikuta. Wakaenda hivyo fito mbili tatu. Ukuta ulikuwa umeshafika vifuani mwao. Juu ya hapo fito zilikuwa bado wazi, na sasa akiinua kichwa aliweza kumwona vipande vipande: ushungi uliopigwa nyuma, tope kwenye paji la uso, jicho moja. Lile jicho lilikuwa linamtazama. Halikuondoka.

"Kwa hiyo leo umekuja kunipima," akasema.

"Nimekuja kujua. Ami kanambia: akiwa mume wako, hatakupa fedha zako wala wewe hutamnyang'anya shamba. Kwa nini ahangaike kulikomboa shamba, na anaweza kukuoa likarudi bure? Sikuwa na la kumjibu. Ningejibu nini? Kwamba anapokuja, nnasikia hatua zake tangu kwenye mnazi wa mwisho?"

Bi Mwatum akakohoa.

"Mwataka niondoke nikalale?" akasema. "Semeni tu. Mie nnazungumza na mbuzi."

"Na la pili?" Jaribu akauliza. "Maana Mzee Nyange hana neno moja."

Khairiya alisita. "La pili kasema baba yako alikuja kisiwani na jembe la mtu mwengine. Kwamba si kufu yetu, hatulingani nasaba."

Jaribu hakukasirika hata hapo. Alilipokea lile neno kama alivyopokea madonge, akaangalia lina mawe au halina.

"Kweli alikuja na jembe la mtu," akasema. "Mzee wangu hakulificha hilo. Lakini mikarafuu ya Pujini aliipanda kwa jembe lake. Alikuwa akiimwagilia kwa kifuu mwaka wa ukame, mti mmoja mmoja, mie nnabeba ndoo. Ami yako hakusema uongo. Alisimulia nusu."

"Nilimwambia hivyo hivyo."

"Ulimwambia?"

"Si kwa maneno hayo. Nilimuuliza karafuu za ijara anazozipima kila msimu zina kabila gani."

"Akaondoka bila viatu," alisema Bi Mwatum. "Akarudi kuvifuata."

Safari hii walicheka wote watatu. Kisha Jaribu akaacha kucheka, na kwa namna alivyoacha Khairiya akajua kuna kitu kinakuja, akashika fito mbili kwa mikono yake miwili.

"Khairiya, posa naiondoa."

Hata mbuzi aliacha kutafuna, au ndivyo ilivyoonekana.

"Jana ningeapa kwamba nnakuposa weye tu," Jaribu akaendelea taratibu. "Na ingekuwa kweli, kwa kuwa nilikuwa sijui. Leo nnajua. Ami yako akinitazama usoni akaniuliza unaposa nini, nitamwambiaje? Moyo wangu nnaujua, lakini mtu haonyeshi moyo barazani. Kila nikikaa nawe ndani ya nyumba, watu watasema yule kalipa deni kwa kanzu ya harusi. Na weye siku moja ukikasirika, kama wanavyokasirika watu wa nyumba moja, utalifikiri neno hilo hilo hata usipolisema."

"Nikikuongeza muda?"

"Watasema umenunua mume."

"Nikikusamehe?"

"Hapo watakuwa hawakusema uongo."

Khairiya aliinamisha kichwa. Jaribu aliona ushungi tu.

"Nilifikiri jambo moja," akasema Jaribu. "Hapa hapa, sasa hivi. Kwamba nikuandikie shamba lile liwe mahari yako. Niifute khiyari yangu, liwe lako kabisa, deni life, na mke niwe nimempa kitu."

"Mahari ya kitu nilichokinunua mwenyewe?" Akainua uso. Macho yalikuwa yamelowa lakini ulimi ulikuwa mkavu. "Unipe zawadi ya kanga niliyovaa?"

"Ndiyo maana nimesema nilifikiri. Sikusema nimeamua."

"Basi na mie nikwambie ulilosahau kulifikiri. Ukiiondoa posa leo, kesho ami atampa jawabu Msellem wa Wingwi. Mwenye ng'ombe. Keshaleta salamu mara mbili. Ami anataka nijisitiri kabla ya mwezi wa Ramadhani."

Hilo lilimwingia Jaribu mahali ambapo neno la kufu halikufika. Kiganja chake kiliteleza, kikaacha alama ndefu ya vidole vitano kwenye ukuta mbichi.

"Na weye unamtaka?"

"Nakuuliza weye unaondoa posa, unaniuliza mie ng'ombe!"

"Khairiya."

"Simtaki. Wala hanibebi mtu kama kikapu. Mie si mwari, Jaribu. Mwari akiulizwa akinyamaza huhesabiwa karidhia. Mjane lazima aseme kwa mdomo wake. Ami ataniuliza, na mie mdomo ninao." Alipumua. "Lakini nitasema nini? Nitasema nnamngoja nani, ikiwa anayengojwa kaiondoa posa yake?"

Jaribu alikuwa amepanga maneno yake vizuri, fito kwa fito, na sasa aliona aliacha tundu pale pale panapopita upepo. Alimtazama yule mwanamke kupitia kwenye fito. Alikuwa na tope mpaka kwenye viwiko, na alikuwa amekasirika, na Jaribu akafikiri kwamba hajawahi kuona kitu anachotaka kukitazama zaidi ya hapo. Alitaka kusema hivyo. Hakujua aanzie wapi.

Ni Khairiya aliyeanza.

"Khiyari ni ya nani?" akauliza.

"Ya shamba?"

"Ya bei yoyote. Karani alikusomea mpaka mwisho, si ulisikia hilo japo jina hukusikia?"

"Khiyari ni ya muuzaji."

"Na mnunuzi?"

"Mnunuzi hana khiyari. Anangoja mpaka muda upite."

"Basi usiiondoe posa yako." Aliyasema haraka sasa, kama mtu anayevuka mkondo kwa kurukia mawe. "Niuzie mie. Bei khiyari. Iache kwangu mpaka Mfunguo Tatu. Ukija kabla, ukakomboa shamba kwa fedha zako, utaikomboa na posa siku hiyo hiyo, barazani, mbele ya ami na ndevu zake. Ami akiniuliza habari ya Wingwi nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba siwezi kujibu posa ya pili na ya kwanza bado ina muda."

Jaribu alilifikiri jambo lile. Bi Mwatum alisimulia baadaye kwamba alilifikiri mpaka yeye akatamani kumpiga kofi.

"Mwenye duka la nguo kakubali vyumba viwili vya mbele," alisema hatimaye, nusu akijiambia mwenyewe. "Kodi ya mwaka, mbele, kuta zikikauka tu. Mvua ikiniachia. Na karafuu zisiposhuka zaidi. Inaweza kutosha. Haizidi, lakini inaweza kutosha." Akainua macho. "Na isipotosha? Khiyari ikifa mkononi mwangu?"

"Shamba litakuwa langu."

"Na posa?"

"Posa nayo itakuwa yangu. Mnunuzi akishamiliki kitu hufanya apendavyo, mwenye kuuza hana neno tena." Akavuta ushungi, lakini hakuwahi kuficha kicheko. "Na mie mwanamke nitakuwa na shamba Pujini, nitahitaji mtu anayeijua mikarafuu yake mmoja mmoja."

"Hilo ni la kazi au la ndoa?"

"Hilo utaliuliza likifika. Nitakuwa nimekunyima khiyari, si nimekunyima ulimi."

Jaribu akacheka. Alicheka kama hajacheka tangu alipoianza nyumba ile, mpaka akajishika kwenye nguzo.

"Nimeuza," akasema.

"Sema yote. Safari hii nataka usikie mwenyewe."

Akajiweka sawa. Akajipangusa mikono kwenye shuka lake, kama vile angetia saini. "Mie Jaribu wa Mabruki nimeuza posa yangu, bei khiyari," akatua, akatamka kila kipande cha jina, "kwa Bi Khairiya."

"Nimenunua," alisema Khairiya.

"Shahidi mmoja hatoshi," Bi Mwatum akasema.

"Wa pili si huyo ulomfunga?" alisema Jaribu. "Yeye ndiye anayejua habari yote. Kaila pamoja na asumini."

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya minazi, na ndani ya chumba cha nyuma giza lilianza kukusanyika pembeni. Walibakisha nafasi moja tu, pana kama sinia, pale nyuso zao zilipokuwa. Jaribu aliinama kwenye lundo la udongo, akauminya. Ulikuwa umeanza kushika.

"Huu haufai tena leo," akasema. "Ukiunganisha mkavu na mbichi, ukuta utapasuka. Lazima nikanyage mwengine."

"Basi hapa pabaki hivi hivi?"

"Pabaki."

Akachukua majani ya mgomba, akayalowesha kwa maji ya mwisho ya mtungi, akalifunika lundo lililobaki ili lisikauke kabisa. Alipoinuka, Khairiya alikuwa bado pale, amesimama kwenye ile nafasi, mama mdogo wake anamwita kwamba magharibi inaingia na njia ina umande.

"Kesho nije?" akauliza.

"Ukuta haukandikwi na mtu mmoja," alisema Jaribu.